Uzi: Sonona haiko aina moja, na dawa ya mwenzio inaweza kukuharibia

muuza_dawa:

Asalam alaykum wadau. Mie niko kwenye duka la dawa hapa mjini Unguja na kuna jambo linanikera mpaka nimeamua kuliandikia uzi. Mtu anaingia, anatizama nyuma kama kuna anaemjua, kisha ananong'ona nipatie vile vidonge vya mawazo. Ukimuuliza nani kakuandikia anakwambia kuna mwenzangu kazini alipewa akakaa sawa, na mie hali yangu kama yake. Mwengine anakuja na boksi tupu la dada yake. Wengine wanataka ya usingizi tu, ati wakilala yataondoka.

Sasa skizeni. Wewe na huyo mwenzio mnaweza nyote kuwa hamli, hamlali, mmechoka na dunia, na bado maradhi yenu yakawa mbali mbali, dawa iliyomkalisha yeye sawa ikakutia wewe kwenye balaa. Kwa nje sonona, yaani haya maradhi ya huzuni nzito, zinafanana, ndani hazifanani hata kidogo.

Nianze na ile ya kawaida ambayo wengi wanaijua. Moyo mzito au hamu ya kila kitu kukatika, karibu kila siku, wiki mbili au zaidi, na juu yake mengine kama usingizi kuharibika, chakula hakipiti, mwili hauna nguvu, mtu anajilaumu kwa mambo hata hayamhusu, akili haitulii, mpaka kuwaza kufa. Kuna fomu ya maswali tisa inaitwa PHQ-9, daktari anakuuliza hayo hayo na anapima uzito wake. Ikiwa nyepesi mazungumzo ya tiba pekee yanaweza kutosha, bila kidonge hata kimoja. Ikiwa nzito ndio vidonge vinaingia, na vizuri zaidi vikienda pamoja na mazungumzo.

Fluoxetine ndio inayoandikwa sana, na watu wanaiacha njiani kwa sababu wanaitegemea kama panadol. Haifanyi kazi hivyo! Wiki ya kwanza unaweza kuhisi kichefuchefu na wasiwasi umezidi, nafuu inaanza wiki ya pili mpaka ya nne, mwengine anafika ya sita. Ikishakukaa sawa huiachi siku ile, muongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 ulisema uendelee miezi 9 mpaka 12 baada ya kupata nafuu, kisha daktari anaipunguza pole pole. Na kijana wa chini ya miaka 25 akianzishwa dawa hizi wiki za mwanzo asiwe peke yake, mawazo ya kujidhuru yanaweza kuzidi kabla ya kupungua. Hilo limeandikwa mpaka kwenye karatasi ya ndani ya boksi, lile karatasi mnalolitupa.

Sasa njoo kwenye ile inayonitia khofu. Kuna watu sonona yao ni upande mmoja wa maradhi ya pande mbili, wataalamu wanayaita baipola. Miezi hii yuko chini hataki hata kukoga, halafu kuna wakati huko nyuma alipanda juu, analala masaa mawili na hachoki, anasema kwa kasi, kaanzisha biashara tatu kwa mpigo, kagawa pesa, kagombana na mtaa mzima, kaoa au kaacha. Tatizo ni kuwa akiwa juu haendi hospitali, kwa nini aende na yeye anajiona mzima kuliko sote? Anaenda akiwa chini. Daktari anamuona yuko chini. Na wewe dukani unamuona yuko chini. Ukimpa fluoxetine peke yake unaweza kumpandisha mpaka akaruka mipaka, na hapo ndio mnasikia watu wanasema fulani dawa za hospitali zimemtia wazimu.

Mtu wa baipola anahitaji kwanza dawa ya kumshikilia asipande wala asishuke. Lithium, ambayo daktari mmoja wa Australia, John Cade, aliandika kuhusu faida yake mwaka 1949 na mpaka leo inatumika. Au quetiapine, au lamotrigine kwa wale wanaoshuka sana, wengine valproate. Lakini valproate kwa mwanamke ambae bado anazaa ni hatari kubwa kwa mtoto wa tumboni, usikubali kuandikiwa kama hujaulizwa habari za uzazi.

Kwa hivyo suali moja la kuwaambia madaktari hata kama hawajakuuliza: kabla ya hii huzuni, je kuna wakati nilikuwa juu kupita kiasi? Na kwenye ukoo wetu yuko alokuwa hivyo? Kama wewe hukumbuki nenda na mtu wa nyumbani, mama au mke, wao wanakumbuka.

Kuhusu vidonge vya usingizi, diazepam haitibu sonona. Inakulaza, asubuhi huzuni iko pale pale imekungojea, na ukiizoea kuiacha ni kazi. Amitriptyline nayo ni dawa ya sonona ya zamani, ipo na bei yake nafuu, inasaidia, lakini inakausha mdomo, inafunga choo, inamtia mzee kizunguzungu mpaka anaanguka akiamka usiku, na akimeza nyingi kwa mara moja inaharibu mapigo ya moyo. Nyumba yenye mtu anaewaza kufa mtu mwengine azishike hizo dawa, ampe ya siku kwa siku.

Ulizeni.

kibaraza_cha_jioni:

Umesema kweli mzee. Mie mdogo wangu alikuwa hivyo ya juu na chini, sisi tulidhani ni ujana na maringo ya pesa za utalii. Akiwa juu ndio mchekeshaji wa mtaa watu wanampenda. Akishuka anajifungia chumbani wiki mbili tatu. Tulishughulika na kule kushuka tu. Aliekuja kutufumbua macho ni nesi mmoja kauliza tu, na akiwa mzima anakuwaje? Basi bi mkubwa akaanza kuhadithia mpaka nesi akaweka kalamu chini.

mtoto_wa_mkoani:

Mie niko Pemba. Dada yangu kazaa wiki ya tano hii. Tokea siku za mwanzo analia, tukasema ni uzazi, lakini haijapoa, mtoto anamnyonyesha kama anaesukumwa, anasema mie si mama mimi huyu mtoto bora mngempa mwengine. Wifi zake wanasema jini limemuingia kwa kuwa alitoka nje magharibi ndani ya arubaini. Kesha kusomewa mara mbili na kombe kanywa. Nifanye nini mie mwanamme hata kuingia chumba cha mzazi naona haya

muuza_dawa:

Kaka yangu, umefanya jambo la maana kuuliza. Machozi ya siku za mwanzo yanawapata wazazi wengi sana, yanakuja siku ya tatu ya nne, na ndani ya wiki mbili yanaondoka wenyewe kwa kupumzika na kusaidiwa. Wiki ya tano si hayo tena. Hiyo ni sonona ya uzazi, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa inampata kiasi ya mwanamke 1 katika 5 waliozaa kwenye nchi kama zetu, kwa hivyo dada yako si kiroja wala si mama mbaya.

Mchukueni hospitali iliyo karibu, Mkoani au Chake, siku ya kliniki ya mtoto hiyo hiyo, mseme wazi kama mlivyoniambia mie. Tiba yake mwanzo ni mazungumzo na msaada, na msaada nnaosema si maneno, ni mtu amchukue mtoto usiku ili alale masaa ya kueleweka, mtu apike, mume asimwambie mbona wenzio wanazaa saba na hawalii. Ikihitajika dawa, zipo ambazo mzazi anatumia huku ananyonyesha, sertraline ndio madaktari wengi wanaanza nayo kwa mnyonyeshaji kwa kuwa inayoingia kwenye maziwa ni kidogo sana. Usije ukamnunulia wewe.

Na hili lisome mara mbili: akianza kuona au kusikia vitu ambavyo nyinyi hamvioni, halali kabisa usiku mzima, anasema maneno hayashikani, au anasema mtoto si wake kabadilishwa, au anataja kumdhuru mtoto au kujidhuru mwenyewe, hiyo si ya kungoja siku ya kliniki. Ni usiku huo huo hospitali, na msimuache peke yake na mtoto hata dakika. Inatibika na mara nyingi anarudi mzima kabisa, lakini haitaki kusubiri.

bi_asumini:

Wallahi mngejua wazazi wangapi wanapita haya kimya kimya. Sisi wakati wetu mtu alikuwa na mama, shangazi, mkunga wa kumkanda, nyumba imejaa, leo mtoto wa watu anazaa anarudishwa kwenye nyumba ya kupanga huko Fuoni na mume kazini mpaka usiku. Mie naona hilo nalo sehemu ya maradhi.

ustadh_msaidizi:

Nnaheshimu elimu yenu lakini mnapeleka watu mbali na Mola wao. Mtu akiwa na imani thabiti hapati hayo. Dhikri, Qur'an, sala ya usiku. Hizi sonona tumeletewa.

mwalimu_wa_skuli:

Ustadh samahani kidogo kwa heshima zote. Kuna mwanachuoni wa Kiislamu Abu Zayd al-Balkhi, alifariki mwaka 934, zaidi ya miaka elfu iliyopita. Huyo aliandika kuwa huzuni iko namna mbili, moja ina sababu inayojulikana, mtu kafiwa, kapoteza mali, na nyengine inamjia mtu hajui imetokea wapi, na akasema hii ya pili asili yake iko mwilini, kwenye damu, kwa hivyo tiba yake ianzie mwilini, na ile ya kwanza itibiwe kwa maneno na fikra. Yaani kugawa aina na kila aina kupewa tiba yake tumeanza sisi wenyewe! Haijaletwa na meli.

Na Mtume SAW kasema tufanye dawa, Hadithi hiyo watoto wa chuoni wanaijua.

ustadh_msaidizi:

Al-Balkhi nimemsikia. Sijakataa dawa mwalimu, nnakataa watu kuacha dhikri wakategemea vidonge.

muuza_dawa:

Basi tuko pamoja ustadh, na mie nnakuomba msaada wako kwa kweli. Wagonjwa wanafika kwako kabla ya kufika kwetu, hilo tusidanganyane. Msomee, lakini ukimuona hali wala hakunywa siku ya pili, au anasema amri za sauti zinamwambia yeye mkosefu afe, mwambie na hospitali. Kuna sonona inafika mpaka mtu anasikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo, kwamba kaoza tumbo, kwamba kafilisika na watoto wake watakufa njaa kwa dhambi zake, na pesa ziko benki. Hapa ndio watu wetu wanakimbilia kusema karogwa. Fluoxetine peke yake haimtoshi huyu, anahitaji ya sonona pamoja na ya kuondoa hizo sauti, na zikishindwa au akiwa hali wala hanywi kuna tiba ya umeme ambayo kwa aina hii hasa ina matokeo mazuri kuliko watu wanavyodhani. Siku hizi inafanywa mtu kalazwa usingizi kwa dawa, haina vile vitisho vya kwenye sinema. Si kila pahala ipo, hilo la kumuuliza daktari bingwa.

Na kafiwa ni kafiwa, mwalimu kagusia vizuri. Mjane ndani ya eda yake akilia si mgonjwa. Huzuni ya msiba inakuja kwa mawimbi, akisikia jina la marehemu analia, dakika mbele anacheka na mjukuu. Wa sonona wimbi halishuki, na anajichukia mwenyewe. Msiba hautibiwi kwa fluoxetine ya siku ya hitima. Ila msiba nao unaweza kugeuka sonona, mukiona miezi inakwenda na mtu anazidi kuzama mpelekeni.

baridi_tupu:

Salaam kutoka Uswidi. Nimezaliwa Ng'ambo ya mji hapo Unguja, niko Stockholm. Mie ya kwangu hamuijui huko nyumbani kwa sababu jua mnalo mwaka mzima linachomoza na kuzama saa zile zile. Huku mwezi wa Disemba jua linatoka karibu na saa tatu asubuhi na kabla ya saa tisa mchana limeshakuchwa, na huko kutoka kwenyewe ni mawingu. Kila ikifika Novemba mie nnakuwa mtu mwengine. Lakini si kulia na kukosa usingizi, kinyume chake, nnalala masaa kumi na bado siamki, nnakula mikate na vitu vitamu kama nimetoka kufunga, mwili mzito kama umetiwa saruji. Mwezi wa nne nnarudi mzima kama hakuna kilichotokea. Nilidhani uvivu, mke wangu pia alidhani uvivu tena yeye alisema kwa sauti.

Inaitwa sonona ya majira, daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani ndio walioieleza mwaka 1984. Tiba yake taa! Taa maalumu ya lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga) unakaa mbele yake nusu saa asubuhi mapema unakunywa chai yako. Nilicheka nilipoambiwa. Kabla hawajanipa waliniuliza hilo hilo la muuza_dawa, ukoo wenu kuna mtu wa kupanda juu sana? Kumbe hata taa inaweza kumpandisha mtu wa baipola. Wazanzibari mlioko huku juu kaskazini msidhani ni kulowea tu, kapimwe.

kibaraza_cha_jioni:

Hahaha taa! Huku mbona jua bure na watu bado wamejifungia ndani

Ila nnauliza jengine. Mzee wangu huyu hana huzuni ya kusema. Ana hasira, kila kitu kinamkera, mgongo unauma, kichwa kinauma, kapiga picha za mgongo zote safi, halali, kaacha hata kwenda barazani kwa wenzake wa bao. Ukimuuliza una nini anasema sina kitu niacheni.

muuza_dawa:

Mzee wako nnamjua, si yeye mwenyewe, nnamaanisha nnawauzia diclofenac, ile dawa ya maumivu, wazee kama hao kila siku. Wanaume wetu wengi sonona yao haitoki kwa machozi, inatoka kwa hasira na mgongo. Kuacha baraza na bao kwa mtu alokuwa haachi, hiyo ndio dalili yenyewe.

Lakini kwa mzee usikimbilie vidonge vya sonona. Kwanza apimwe damu. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kidogo inaleta uchovu, uzito, baridi na huzuni ile ile, na tiba yake ni dawa ya tezi. Upungufu wa damu vile vile. Kisukari pia apimwe, kinakwenda sana pamoja na sonona. Na mwambie daktari dawa zote anazotumia. Kama aliwahi kupata kiharusi, sonona baada ya kiharusi ni jambo linalojulikana na linatibiwa. Na kama anameza amitriptyline usiku basi angalieni asianguke, nimeshasema.

Kuna na wale ambao si wagonjwa sana wala si wazima, watu wanasema ah huyo ndio tabia yake, toka skuli hana furaha. Ikipita miaka miwili ya hali hiyo siku nyingi kuliko zisizo, nayo ni aina yake, sonona ya muda mrefu. Haimlazi kitandani, inamuibia maisha kidogo kidogo. Hawa wanahitaji subira, dawa na mazungumzo kwa muda mrefu, na mara nyingi hawaji kabisa kwa sababu hawajui kuwa iko hali nyengine ya kuishi.

bi_asumini:

Na hao wa mazungumzo ya tiba wako wapi? Maana kila saa mnasema mazungumzo mazungumzo.

mwalimu_wa_skuli:

Ndio pengo letu hilo bibie. Zimbabwe walikuwa na shida hiyo hiyo, madaktari wa akili wachache mno, basi daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 akaanza kufundisha mabibi wa mtaani, bibi anakaa kwenye benchi nje ya kituo cha afya na mgonjwa, wanachagua tatizo moja la kulishughulikia mpaka mkutano mwengine. Walilifanyia utafiti ukachapishwa 2016, waliokaa na mabibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sasa sisi na mabaraza yetu haya na mabibi zetu hawa, jamani.

bi_asumini:

Bibi wa mtaa wetu ukimwambia siri asubuhi, adhuhuri iko Micheweni kule Pemba 😂

muuza_dawa:

😂😂 Ndio maana wanafundishwa kwanza kufunga mdomo.

Kwa Unguja nendeni kituo cha afya au hospitali ya Mnazi Mmoja, watakuelekezeni. Na Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili, msiiogope, najua mtu akionekana pale mtaa mzima unajua, lakini pale ndio kuna watu waliosomea mambo haya, na si kila anaeingia analazwa, wengi wanaonwa wanarudi zao nyumbani kula.

mgeni_wa_kimya:

Nimekuwa nnasoma tu. Mie ndio mtu wa baipola, nnatumia lithium, nimekaa sawa alhamdulillah. Suali langu Ramadhani. Mwaka jana nilifunga nikapata kutetemeka mikono na kutapika, nikadhani ni njaa.

muuza_dawa:

La, hiyo haikuwa ya kupuuza. Lithium inatolewa na figo, ukikosa maji mchana kutwa na joto hili letu inapanda kwenye damu, na ikipanda ndio huko kutetemeka, kutapika, kuharisha, kuyumba ukitembea, mpaka kuchanganyikiwa. Hayo yakitokea ni hospitali mara moja, na kufungulia.

Usiiache mwenyewe ili ufunge, wengi wanaiacha na wanarudi juu kabla ya Idi. Nenda kwa daktari wako tokea Shaaban, akupime kiwango cha lithium kwenye damu na figo, yeye ndio aamue kama utafunga, na saa za kumeza zikoje. Wengine wanaambiwa wasifunge, na mgonjwa ana ruhusa yake, ustadh hapa atakuthibitishia. Chumvi usiikate ghafla. Na ukiumwa kichwa au mgongo usimeze diclofenac wala ibuprofen, zote zinapandisha lithium, chukua paracetamol, na kila duka la dawa utakaloingia waambie unatumia lithium hata kama umekwenda kununua dawa ya mafua.

ustadh_msaidizi:

Nnathibitisha. Afungulie, na mambo ya kulipa au fidia aje tuzungumze, aya ya mgonjwa iko wazi.